Kuandika asili ya wilaya yako: anza na karanga

Nilipoanza kukusanya habari za Urambo, wilaya ya mkoani Tabora, nilimfuata mzee mmoja kwake, daftari mkononi. Kabla sijakaa akaninyooshea mwembe: "Mpaka wangu unaishia pale." Alidhani nimetumwa mambo ya ardhi. Nikanywa maji nikaondoka.

Wewe daftari liache kwenye mfuko. Amkia kwanza, "Mwangaluka," ulizia mvua, ulizia tumbaku, ukae. Halafu usiulize "mwaka gani?", maana hapo utatajiwa wowote ili uridhike. Uliza hivi: "Babu, karanga zilipokuja ulikuwa mkubwa kiasi gani?" Akisema alikuwa anachunga mbuzi, umeshapata. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza 1947 ukavunjwa 1951, na Urambo ilikuwa sehemu yake pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mchunga mbuzi ana miaka saba, nane. Rudisha hesabu nyuma: kazaliwa karibu na 1940.

Ya baba yake yapime kwa reli. Ilifika Tabora 1912, Kigoma 1914. Kama marehemu alibeba mataruma hapa Urambo, ni katikati hapo. Kuhamishiwa vijijini ni miaka ya 1970, hilo kila mtu analikumbuka, tena wengine kwa hasira.

Jina nalo lichimbe. Urambo ni nchi ya Mirambo, mtemi wa Uyowa aliyeanza kupigana na Waarabu wa Tabora 1871, akafariki 1884. Wengi wanateleza hapa: wanachukua ramani ya leo na kumtafuta Mirambo ndani yake. Ulyankulu, alikokuwa na makao yake, sasa iko wilaya ya Kaliua, na Kaliua ilimegwa kutoka Urambo 2012. Ukifuata mpaka wa sasa unamwacha mtemi nje ya nchi yake mwenyewe.

Karatasi ziwe za mwisho. Mabwana shauri wa Kiingereza waliandika vitabu vya wilaya, navyo vimo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Visome, ila kumbuka bwana shauri aliwauliza watemi ambao serikali yake ndiyo iliyowalipa mshahara. Ukoo uliokosa kiti usitegemee kuukuta umesifiwa humo.

Mzee wa mwembe nilimrudia mwezi uliofuata, mikono mitupu. Alianza mwenyewe, na matrekta ya karanga. Jua linazama, hata uhuru hatujaufikia.