Ukimtembelea mzee makaoni, mwachie siku

Wengi tunakwenda makao ya wazee ya Sebleni au Welezo, kule Unguja, ikifika Ramadhani: mchele, sukari, picha ya pamoja, kwaheri. Mchele unasaidia, sikatai. Lakini chakula wanapikiwa. Anachokikosa mzee ni mtu wake, wa kumwita kwa jina la utotoni.

Kama una bibi au babu huko, chagua siku moja ya wiki uishike, hata iwe nusu saa tu. Kabla ya kuondoka, itie alama kwenye kalenda ya ukutani, naye anaona: "Nakuja Jumanne." Kungoja siku unayoijua si sawa na kungoja tu. Usiahidi usichokiweza.

Mzee msahaulifu mwendee asubuhi, maana wengi wao huchanganyikiwa zaidi jua likianza kuzama. Kaa mbele yake, macho kwa macho, usimpigie kelele. Na tafadhali, usimfanyie mtihani wa "Mimi nani, unanijua?" Akikosea ataona haya, atanyamaza. Sema tu, "Shikamoo bibi, ni mimi Asha, mtoto wa Salma," kisha mpe kazi: akusuke nywele, akuelekeze kutia tui kwenye wali, mcheze bao. (Hapo ndipo utakapojua babu anaiba kete.)

Kuaga nako kuna wakati wake: ondoka chakula kinapoletwa, asibaki anautazama mlango.