Mtoto kaumia jino, na zamu ilikuwa yako

Mimi ni fundi seremala, hapa Uyole, Mbeya. Naanza na hilo kwa sababu stuli iliyomwangusha mwanangu niliiunga kwa mikono yangu, kwa vipande vya paini vilivyobaki kwenye kitanda cha mteja. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, labda unene wa sarafu mbili. Nilijua. Mama watoto aliniambia mara mbili, nikamjibu Jumapili nitakata ile mitatu mingine iwe sawa. Zikapita Jumapili tatu.

Asubuhi ya Juni, baridi ile ya kwetu, mwenzangu kawahi sokoni na viazi, dada mtu yuko shule, nimebaki na dogo wa mwaka mmoja na miezi tisa. Akaisukuma stuli hadi dirishani aone bodaboda. Mimi najibu ujumbe wa mteja wa kabati. Nikasikia ko! halafu kimya, halafu kilio. Mdomo ulipigwa kwenye ukingo wa dirisha, na sweta ya njano aliyofumiwa na bibi yake ikawa na damu hadi tumboni.

Kama umefika hapa kwa sababu hiyo hiyo, huenda mwanao kalala sasa na wewe hujalala. Tuanze na mdomo, moyo wako tutaufikia.

Mdomo kwanza

Nawa mikono, lowesha kitambaa safi kwa maji ya baridi, bana penye damu kwa utulivu dakika kadhaa. Damu ya mdomoni huchanganyika na mate, kwa hiyo huonekana nyingi kuliko ilivyo. Ikiacha, hesabu meno. Kipande kikikosekana, kitafute sakafuni na kwenye nguo. Kisipoonekana na mtoto anakohoa au anapumua kwa mluzi, usingoje, wahi hospitali. Hivyo hivyo kama alipoteza fahamu, anatapika, au ana usingizi usio wa kawaida: hapo kinachoangaliwa kwanza ni kichwa.

Jino la utoto likitoka lote, usilirudishe kwenye tundu. Juu yake ndani ya fizi kuna jino la ukubwani linalojengeka, unaweza kuliumiza. Kwa mtoto mkubwa aliyeng'oka jino la ukubwani ni kinyume kabisa: lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi, lirudishe au litie kwenye maziwa, na ukimbie kwa tabibu wa meno, maana kila dakika ina thamani. Nimeona watu wakizichanganya hizi mbili.

La mwanangu halikutoka. Lilicheza tu, fizi ikavuja damu kuzunguka shingo ya jino. Hilo nalo lipeleke likaonwe siku hiyo hiyo ukiweza.

Usimdanganye tabibu

Mimi nilidanganya. Tulipokaa kwenye benchi pale kituoni nilikuwa nimeshatunga: alikuwa anakimbia, akajikwaa. Tabibu akauliza kaanguka kutoka urefu gani, kapiga nini, alilia papo hapo au alinyamaza kwanza. Nikababaika. Akaniangalia, akasema, "Baba, sikuulizi ili nikufunge. Nauliza ili nijue kichwa kilipigwaje."

Nikasema yote, stuli, dirisha, simu. Hakuinua hata macho kwenye kadi ya kliniki aliyokuwa anasoma, alikuwa anaangalia chanjo ya pepopunda. Hatia inakufundisha uongo mdogo mdogo, na uongo wenyewe unaweza kumwumiza mtoto kuliko stuli.

Maelekezo yake yalikuwa mepesi. Chakula laini wiki moja hadi mbili: uji, mtindi, viazi vya kupondwa (hapo Mbeya hatuna shida). Mswaki laini, taratibu, usiache kupiga mswaki kwa huruma kwa sababu uchafu ndio unaoleta usaha. Parasetamo kulingana na uzito wa mtoto, aspirini hapana. Turudi baada ya wiki moja, halafu tena wiki ya sita hadi ya nane.

Mwambie mwenzio, na umwambie mzima mzima

Nilimpigia nikiwa bado kituoni, kabla majirani hawajafika sokoni na habari yao. Hilo nilifanya vizuri. Kosa ni kwamba nilimpa nusu: "Kaanguka, jino linacheza, tabibu kashamwona." Nusu ile nyingine ikanikaa kooni mchana kutwa. Stuli nikaificha nyuma ya karakana, nikaifunika maranda.

Jioni nikamwambia. Simu pia. Alikuwa anamenya viazi. Alinyamaza mpaka kiazi kikaisha, akauliza, "Stuli iko wapi?"

Nikamwambia.

"Ilete."

Nikaileta, ina maranda bado. Akaipangusa kwa kanga, akaiweka katikati ya sebule, akaikalia, akaendelea kumenya. Kila akiegemea kuchukua kiazi, tok. Akirudi, tok. Alimenya ndoo nzima ya viazi ambavyo hatukuwa na haja navyo. Hakunitukana hata neno moja, na sijawahi kusemwa vile tangu tuoane. Lakini usiku ule nililala, maana hapakubaki cha kuficha.

Usimwombe mwenzio akwambie "si kosa lako" usiku huo huo. Naye ana lake la kumeza.

Gawa lililo lako na lisilo lako

Kesho yake nilichukua penseli ya kazi na kipande cha mbao, nikachora mstari katikati. Upande mmoja niliandika: simu, mguu wa stuli, stuli kuachwa sebuleni. Upande wa pili: anapanda kila kitu, miguu yake bado haijajua kazi, dirisha lina bodaboda. Tabibu alikuwa ameniambia kwamba meno ya utoto huumia zaidi kati ya miaka miwili na mitatu, wakati mtoto anaweza kupanda lakini hajaweza kushuka. Hilo silitengenezi kwa randa.

Upande wa kwanza ulikuwa na mambo matatu tu. Nilidhani yangejaa ubao. Usiku hatia haina idadi, ndiyo maana inakuzidi nguvu, ukiiandika inakuwa na urefu na upana kama kitu kingine chochote.

Halafu rekebisha la kwako siku hiyo hiyo, hata kama mtoto hatanufaika nalo tena. Nilikata miguu mitatu kabla ya chai. Simu sasa inakaa juu ya kabati nikiwa na dogo, na wateja wamezoea kusubiri.

Ambalo sikulitegemea ni kwamba niliogopa kubaki naye. Mama yake akijiandaa kutoka, nami nakumbuka misumari ya kununua Mwanjelwa. Ikaenda hivyo siku kama kumi. Akagundua, akaanza kutuacha makusudi: nusu saa anaenda kwa jirani, kesho saa nzima. Kama nawe unakwepa, omba uachwe hivyo, kidogo kidogo. Na kama wiki zinapita, hulali na huli, mwambie nesi siku ya kliniki. Kina mama wanaulizwa angalau, sisi kina baba hatuulizwi, kwa hiyo sema mwenyewe.

Jino likibadilika rangi

Wiki ya pili jino likaanza kuwa la kijivu, kama mbao ya paini iliyoachwa nje kwenye mvua. Nililia chooni, nakiri.

Tabibu alieleza kwamba ndani ya jino kuna mishipa midogo, ikigongwa damu huvilia humo kama jicho lililopigwa ngumi. Mengine hurudi rangi taratibu, mengine hubaki hivyo mpaka yang'oke yenyewe, ambayo kwa yale ya mbele juu huwa karibu na miaka 6 au 7. Rangi peke yake si sababu ya kung'oa. Cha kuangalia ni kijipu kwenye fizi juu ya jino, uvimbe, homa, maumivu, au jino kuzidi kulegea. Ukiona kimojawapo, rudi bila kungoja tarehe. Alisema pia kwamba jino la ukubwani huweza kuja na doa, na hilo tutalijua likitoka. Nilipenda kwamba hakuniahidi kitu.

Ila mimi sikungoja dalili, nilizitafuta. Namwinua mdomo asubuhi, baada ya uji, akiwa anacheza, akiwa amelala kwa tochi ya simu. Siku moja kanikimbilia anacheka, akaniona uso, akaziba mdomo kwa kiganja. Mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili! Kwake jino halikuwa na shida yoyote, shida ilikuwa uso wa baba yake.

Toka siku hiyo naangalia mara moja, jioni, wakati wa mswaki, na dada yake tunamwangalia meno pia ili isiwe kesi ya mtu mmoja. Akicheka mchana namwangalia machoni. Ilinichukua muda, jino lile linavuta.

Maneno ya watu

"Ulikuwa wapi?" Utaulizwa na kila anayemwona, wengine kabla ya salamu. Nilikuwa natoa maelezo ya robo saa. Sasa nasema, "Nilikuwepo. Aliumia, katibiwa." Wengi huishia hapo. Atakayekushauri umpeleke kwa mtu amchokoe fizi kwa kisu au sindano, huyo usimjibu, funga tu mlango.

Mama yangu alikuja kutoka Tukuyu na ndizi na dumu la mtindi. Nilijiandaa kusemwa. Alimwangalia mjukuu, akacheka, akasema, "Kama baba yake." Sikuelewa. Ndipo akanieleza kwamba nikiwa mgongoni kwake, anatoka shamba la chai mvua inanyesha, aliteleza kwenye tope, nikavunjika jino la mbele. Nina miaka 34 na sikuwahi kusikia habari hiyo. Nikamuuliza mbona hakuniambia. "Nilikuwa nangoja uniulize," akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Wiki ya saba tulirudi, hakuna kijipu, jino limekaza, bado kijivu. Anatafuna mahindi ya kuchemsha upande wa pembeni, amejifundisha mwenyewe.

Stuli haiyumbi tena. Ila kwa kukata ile miguu mitatu imekuwa fupi na dirisha halifikii, na jana nimemkuta anaburuta ndoo.