Mtoto anaanza chekechea Januari? Muandae hivi

Wazazi wenzangu mnaopeleka mtoto shule kwa mara ya kwanza Januari, naona kila mtu anahangaika mtoto ajue a e i o u na kuhesabu mpaka mia kabla hajaingia darasani, yaani likizo yote ya Disemba mtoto kakalishwa na daftari. Acheni kwanza. Hayo ndo anaenda kufundishwa, KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) ni kazi ya mwalimu na ana mwaka mzima wa kuifanya. Kinachowaliza watoto wiki ya kwanza sio herufi, ni kujikojolea, kushindwa kufungua chupa ya maji, kuitwa jina asilolijua, na kutokujua kama mama atarudi au ndo kaachwa jumla. Hivyo ndo vya kufundisha nyumbani.

Anza na choo. Shule nyingi, hasa za serikali, choo ni cha kuchuchumaa, kwahiyo kama nyumbani mnatumia cha kukaa au mtoto bado yuko kwenye poti mpeleke akajifunze kwa bibi, kwa jirani, popote, achuchumae bila kushikwa, ajisafishe kwa maji ya kopo kuanzia mbele kwenda nyuma (watoto wa kike hapa usipaache kabisa), anawe mikono na sabuni. Alafu mvalishe ile kaptura ya shule umuangalie anavyohangaika nayo. Kaptura mpya ina kifungo kigumu na tundu dogo, mtoto kabanwa anavuta kifungo kinagoma, anavuta tena, mkojo huo ushafika kwenye soksi na wenzake wote wanamuona. Mpelekee fundi aweke mpira kiunoni, ni kazi ndogo sana, na kama shule wanataka lazima kifungo basi tundu liongezwe kidogo na mtoto afanye mazoezi kila siku, afunge afungue mwenyewe. Mfundishe na maneno yenyewe, "mwalimu naomba kwenda chooni", ayaseme kwa sauti, maana kuna mtoto atakaa kimya mpaka yamshinde sababu nyumbani hajawahi kuomba ruhusa, huwa anaenda tu.

Jina nalo. Nyumbani anaitwa Junior, Bibie, au Babu sababu karithi jina la babu yake, sasa mwalimu anaita rejista majina matatu na yeye katulia anaangalia ukuta. Mwezi mmoja kabla anzeni kumuita jina la kwenye cheti na yeye aitike. Ajue na jina la mzazi wake na mtaa anaokaa, namba ya simu akiweza kuikariri safi sana, mfanyieni kawimbo itashika. Ila usiandike jina na namba kwa makapeni kubwa nje ya begi, mtu yeyote njiani anasoma na kumuita kwa jina kama anamfahamu. Andika ndani. Sweta shona jina kwenye kola, masweta yanapotea shule hakuna mfano.

Chakula, kila chombo unachompa hakikisha anakifungua na kukifunga mwenyewe. Vile vibakuli vyenye mifuniko migumu vizuri kwa macho tu, mtoto anarudi na chapati yake haijaguswa unadhani hana hamu ya kula. Viatu nunua vya kubandika, kamba atajifunza taratibu.

Usingizi anza kurekebisha wiki mbili kabla, mtoto aliyezoea kuangalia katuni mpaka saa tano usiku huwezi kumuamsha saa kumi na mbili asubuhi akaamka na furaha.

Kitu kingine naomba sana, acheni kumtishia mtoto kwa mwalimu. "Subiri uende shule, utachapwa wewe, mwalimu atakunyoosha." Unamwambia hivyo miezi mitatu alafu asubuhi moja unamshika mkono unampeleka kwa huyo huyo mtu, unategemea asilie? Mpeleke siku moja kabla shule haijafungua, au hata mkipita njiani tu, aone geti, aone choo kilipo, asalimie mwalimu kama yupo.

Siku yenyewe usimtoroke. Najua watu wanashauri subiri azubae uondoke, lakini akigeuka hakuoni anajifunza kwamba akikuondolea macho tu unapotea, kesho yake anakung'ang'ania zaidi. Muage, fupi, mwambie utarudi saa ngapi kwa lugha anayoielewa, "ukishakunywa uji na kucheza nakuja", na kweli uje. Darasa la awali wanatoka mapema kuliko wakubwa, ukichelewa yeye ndo anabaki peke yake getini. Kama ni bodaboda ndo itamfuata tafuta mtu mnayemjua mtaani, na mkatae mshikaki, watoto wanne juu ya pikipiki moja sio usafiri.

Hapo hapo mfundishe kwamba hakuna mtu wa kumshika sehemu zake za siri, awe mwalimu, awe dereva, awe anko, na mtu akimwambia "usimwambie mama" hiyo ndo ya kumwambia mama haraka. Ukihisi kuna kitu piga 116, ni namba ya bure ya kusaidia watoto.

Makaratasi usisubiri Januari, uandikishaji huwa unaanza miezi ya mwisho wa mwaka na shule wanaulizia cheti cha kuzaliwa. Hapa Tanzania shule za serikali ada hakuna tangu 2016, ila sare, madaftari na michango ya uji ambayo wazazi mnakubaliana ipo, jipange.

Akirudi usimkalishe kumuuliza umejifunza nini, wengi watakujibu "hamna". Muulize amekaa na nani, amecheza nini, nani alilia, uji ulikuwaje. Wiki za mwanzo anaweza akawa na hasira jioni au akakojoa kitandani wakati alishaacha, amechoka huyo, mpe chakula, mwogeshe, alale. Ikiendelea zaidi ya hapo usimpige, nenda shule mapema kabla vipindi havijaanza, kaa na mwalimu muulize anakaa na nani na wakati wa kucheza anakuwa wapi.