Kutuliza Mawazo Yanayong'ang'ania kwa Ayurveda: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mdogo wangu, ambaye mawazo ya mashaka yalimrudia kila jioni. Ayurveda, elimu ya tiba iliyozaliwa India, huhusisha fikra zisizotulia na kuzidi kwa vata, yaani nguvu ya mwendo mwilini, yenye ukavu, ubaridi na wepesi. Ndiyo maana huitibu kwa joto, mafuta na ratiba isiyoyumba. Njia hizi husindikiza matibabu ya mtaalamu, haziyaondoi, na dawa ulizoandikiwa usiziache.

Hatua ya kwanza: Amka, kula na ulale saa zilezile kila siku, na upunguze kahawa.

Hatua ya pili: Jikande kwa mafuta, tendo linaloitwa abhyanga. Mimi huchagua mafuta ya ufuta, kwa kuwa ni mazito na huhesabiwa kuwa yenye joto. Tia chupa katika bakuli la maji ya moto, jaribu tone moja kwenye kifundo cha mkono, kisha kanda mifupa mirefu kwa kupandisha na kushusha, na viungo kwa kuzungusha. Usijikande ukiwa na homa wala mara tu baada ya kula.

Hapa ndipo tulipopoteza wiki tatu. Mdogo wangu alianza kuhesabu mikando, na kila alipopotewa na hesabu alirudia tangu unyayoni, hata jioni moja ikamchukua saa nzima na nusu, naye akainuka pale akitetemeka zaidi kuliko alipokaa. Kile kilichokusudiwa kumtuliza kilikuwa kimegeuka kuwa tendo jingine la kulazimika. Tangu hapo tunatega saa ya dakika 15, tunaanza na kiungo tofauti kila siku, na kengele ikilia tunaacha, hata kama mguu mmoja umebaki mkavu. Uache mkavu, na wasiwasi utakaokuja uuache upite wenyewe.

Hatua ya tatu: Vuta pumzi kwa tundu la kushoto la pua, itoe kwa la kulia, kisha vuta kwa la kulia na utoe kwa la kushoto, kwa dakika tano. Usiibane pumzi.

Hatua ya nne: Mitishamba iwe ya mwisho. Ashwagandha, mtishamba unaotumika sana katika Ayurveda, haifai kwa mjamzito, inaweza kuvuruga tezi ya shingo na imewahi kudhuru ini la baadhi ya watumiaji. Mwoneshe daktari kopo lenyewe kabla ya kulifungua. Michanganyiko iliyotiwa madini mimi siigusi kabisa, kwa sababu baadhi yake imekutwa na risasi na zebaki.