Kabla hujakata marumaru za mshazari

Chumba kirefu chembamba, kama vilivyo vingi vya Mji Mkongwe, hupanuka machoni marumaru zikilazwa mshazari. Wenye nyumba wanazipenda kwa hilo. Lakini yatazame haya kabla fundi hajawasha mashine.

Sakafu iwe kavu na sawa. Hilo unalijua, endelea.

Hesabu. Ukumbi wa mita 4 kwa 5 ni mita za mraba 20. Boksi la marumaru nne za sentimita 60 kwa 60 hufunika mita za mraba 1.44, kwa hiyo za kulaza sawa na ukuta ni maboksi 14 bila ziada. Kwa mshazari ongeza asilimia 15 ya eneo, ziwe mita za mraba 23, maboksi yafike 16. Nunua yote kwa mara moja na usome ubavuni mwa kila boksi, namba ya rangi na ya kipimo zifanane. Wewe wa Pemba ongeza na moja la akiba, maana la kuagiza Unguja baadaye huenda likashuka melini na rangi nyengine.

Zikilala mshazari, safu unazihesabu kwa kipimo cha pembe hadi pembe: marumaru ya 60 ni sentimita 84.9, ya 40 ni 56.6. Unazidisha ubavu kwa 1.414, kisha unakumbuka nafasi ya grauti, ile saruji laini ya kuzibia baina ya marumaru.

Sasa lililowaunguza wengi: kuuamini ukuta. Shemeji yangu wa Chake Chake alitaka ukumbi umalizike kabla ya harusi ya binti yake. Fundi alikuwa na mkono mzuri, sikatai. Akapima digrii 45 kutoka ukuta wa mlangoni, akakata rundo zima la nusu za kumalizia pembeni ili kazi iende mbio, akaanza konani. Safu za mwanzo zilitulia kama mkeka mpya. Walipofika ukuta wa pili, nusu zikaanza kupwaya: mwanya wa kidole, mbele yake vidole viwili. Kumbe ukuta umekwenda upande. Na pembetatu ya kuziba ukutani ikishapita nusu ya marumaru, hata kwa sentimita moja, ile nusu uliyokata haifai tena. Kila kipande kinataka marumaru nzima, na linalobaki ni dogo mno. Maboksi yakaisha, rundo la nusu likalala uani, na wageni wa harusi wakatandikiwa mazulia upande mmoja wa ukumbi. Shemeji ukimuuliza habari za fundi yule, atakuuliza kama umeshakula.

Kwa hiyo anzia katikati. Unganisha katikati ya kila ukuta na mwenziwe wa upande wa pili, upate mistari miwili inayokatana. Kutoka makutano pima mita 1.5 mstari mmoja na mita 2 mwengine. Baina ya alama hizo iwe 2.5 kamili. Isipokuwa hivyo, sogeza mstari mpaka ikubali. Halafu tia alama ya mita 1.2 kwenye kila mstari, na kwa kamba ya urefu huohuo chora upinde kutoka kila alama. Pale pinde zinapokutana, vuta uzi hadi katikati ya chumba: ndiyo digrii 45 yako, na ukuta haukuulizwa.

Panga marumaru kavu mpaka kuta zote nne kabla ya kukata hata moja. Pembetatu zikizidi nusu, au vikibaki vipande vya vidole viwili, sogeza katikati yako. Au zungushia mkanda wa marumaru za kulala sawa na ukuta, kupinda kwa ukuta kujifiche humo. Kwa nyumba za mawe na chokaa, mimi mkanda sina mjadala nao.

Kila kipande kipimwe mahali pake. Diski nayo inakula milimita mbili tatu, basi usitarajie nusu mbili kamili kwa marumaru moja. Ncha za pembetatu huvunjika upesi: anza taratibu kila upande, umalizie katikati. Vaa miwani, waya usipite kwenye maji, watoto watoke uani, na anayetaka kupita kutazama angojee saa 24 baada ya kulaza.