Kukomaa Katika Njia ya Buddha: Mwongozo kwa Mtu Mwenye Kazi na Familia

Wanaoniuliza kuhusu taamuli, yaani kuketi kimya na kuizoeza akili, hutaka kujua mambo mawili: nikae muda gani, na nitaona nini. La kwanza lina jibu. La pili ndilo linalowapoteza watu, maana mtu anaweza kukaa saa nzima kafumba macho, mwili ukawa mwepesi, akaona hata mianga, kisha akatoka chumbani na kumfokea dada wa kazi kwa sababu chai imepoa. Katika mapokeo ya Theravada, tawi la kale la dini ya Buddha, ambayo ndiyo ninayoyafuata, ukomavu unapimwa hapo kwenye chai. Hatua zifuatazo nimezipanga kwa kuzingatia hilo, na hakuna hata moja itakayokudai ubadili dini.

Hatua ya 1: Shika miiko mitano kabla ya kutafuta mto wa kukalia

Mfuasi wa kawaida, asiye mtawa, ana miiko mitano: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo na kutotumia vileo. Wengi huipita mbiombio kwa kuwa inafanana na waliyofundishwa utotoni. Wewe tulia nayo mwezi mzima, na uanze na wa nne, kwa sababu ndio unaovunjwa kila siku bila mtu kushtuka.

Simu inaita, rafiki anauliza uko wapi. Unajibu, "Niko njiani, nakaribia Ubungo," kumbe bado unatafuta soksi. Hakuna aliyeumia. Lakini jiangalie: sauti imepanda kidogo, maneno yametoka kwa haraka, na sasa inabidi utunge habari ya foleni ili kuulinda uongo wa kwanza. Akili iliyoshinda mchana kutwa ikilinda vitu kama hivyo haitatulia jioni kwa kuwa tu umeiketisha. Jizoeze kusema, "Ndiyo kwanza natoka, nisamehe." Utaona linavyokukwama kooni siku za mwanzo.

Buddha alianzia hapo hapo na mwanawe Rahula, ambaye mapokeo yanasema alikuwa na miaka 7. Alibakiza maji kidogo kwenye chombo cha kunawia, akamwuliza kama anayaona. Kisha akamwambia kwamba utawa wa mtu asiyeona haya kusema uongo kwa makusudi ni haba kama maji hayo. Akayamwaga, akakifudikiza chombo. Mfalme Ashoka, aliyetawala India katika karne ya 3 kabla ya Kristo, aliyataja mafundisho hayo kwa Rahula katika maandishi aliyochongesha kwenye jiwe, akiwahimiza watawa na waumini wayasikilize mara kwa mara.

Hatua ya 2: Kaa dakika 20 kila alfajiri

Kunja kitenge au blanketi mpaka lifike kimo cha shubiri moja, ulikalie kwa ncha ya mbele, nyonga ziwe juu kuliko magoti. Magoti yakigoma, kaa kwenye kiti cha kawaida bila kuegemea. Kama mnaishi na mbu, kaa ndani ya chandarua. Malaria haina thawabu, na mwiko wa kwanza unamhusu na mbu pia, kwa hiyo ni afadhali msikutane.

Mimi natumia njia iliyoenezwa na Mahasi Sayadaw, mtawa wa Myanmar (1904–1982). Weka akili kwenye tumbo. Linapoinuka, taja moyoni "inapanda", linaposhuka, "inashuka". Usivute pumzi kwa nguvu. Akili ikikimbilia ada ya shule, taja "kuwaza, kuwaza", halafu rudi tumboni. Goti likiuma, taja "maumivu", uyatazame yanavyobadilika: yanachoma, yanahama, yanafifia. Yakizidi, sogeza mguu polepole huku ukijua kwamba unausogeza.

Usingizi utakuja, na mashaka pia. Vitabu vya Kipali, lugha ya maandiko ya Theravada, vinataja vizuizi vitano: tamaa, chuki, uzito na usingizi, wahaka na majuto, na shaka. Kwa mtu wa mjini aliyelala saa sita usiku, kizuizi chake mara nyingi ni simu tu. Lala mapema.

Hatua ya 3: Jitazame kabla, wakati na baada

Hii ndiyo hatua ninayoipa uzito kuliko zote, na ndiyo isiyosimuliwa sana, pengine kwa sababu haina picha nzuri ya kubandika mtandaoni. Baada ya habari ya maji, Buddha alimwuliza Rahula kioo ni cha kazi gani. Cha kujitazamia, mtoto akajibu. Basi, akaambiwa, kila tendo la mwili, la mdomo na la moyo litazamwe hivyo hivyo: kabla hujalitenda, unapolitenda na ukishalitenda. Swali ni moja: je, hili linanidhuru mimi, linamdhuru mwenzangu, au linatudhuru sote?

Nunua daftari dogo. Kila usiku chagua tukio moja tu, uliandike kwa mistari mitatu. Kwa mfano:

*Kabla: niliona ujumbe wa shemeji kuhusu deni, kifua kikabana, nikataka kujibu hapo hapo.*
*Wakati: nilipofika sentensi ya pili nilijua nataka kumwumiza. Niliendelea.*
*Baada: amenyamaza. Kesho asubuhi nimpigie, nisimwandikie.*

Usiandike insha, na usijitukane. Kwa kosa la mwili au la mdomo, Rahula aliambiwa aliseme wazi mbele ya mwalimu au mwenzake mwenye busara, kisha ajizuie siku zijazo. Kwa wazo baya lililobaki moyoni, inatosha kulichukia na kuliacha. Tofauti hiyo ina maana kubwa: huhitaji kumwendea jirani na kumwambia kwamba juzi ulimwonea wivu.

Kitakachobadilika kwanza ni mahali unapozinduka. Mwanzoni utazinduka usiku, ukiwa na daftari. Baadaye, ukiwa katikati ya sentensi. Siku nyingine kifua kitabana nawe utaweka simu mezani kabla hujaandika neno. Kuzinduka huko kunakosogea nyuma ndiko ukomavu ninaouzungumzia, na mwenzako wa ndoa atakuwa ameuona kabla yako.

Hatua ya 4: Mjue Kali wako

Palikuwa na bibi mmoja wa Savatthi, mji wa India ya kale, jina lake Vedehika, aliyesifiwa mji mzima kwa upole. Mtumishi wake, Kali, mchapakazi hodari, akajiuliza: bibi ni mpole kweli, au ni kwa sababu mimi nafanya kazi vizuri? Akaamka kwa kuchelewa. Bibi akakunja uso. Siku ya pili akachelewa zaidi. Bibi akamtolea maneno makali. Siku ya tatu bibi akachukua komeo la mlango, akampasua kichwa. Kisa hiki Buddha aliwasimulia watawa wake, wala hakikuwa cha kuchekesha: mtawa naye huonekana mtulivu mpaka asikie neno asilolipenda.

Andika jina la Kali wako, yule anayekuchokoza bila kujua. Katika dakika 5 za mwisho za taamuli mtakie heri: awe salama, awe na amani. Lakini usianze naye. Anza na nafsi yako, kisha mtu umpendaye, kisha muuza maandazi usiyemjua jina, ndipo umfikie yeye.

Hatua ya 5: Omba kuambiwa

Miezi mitatu ya mvua inapoisha, watawa hufanya ibada iitwayo pavarana: kila mmoja, hata mkubwa wao, huwaalika wenzake wamwambie kosa lake lolote waliloliona, walilolisikia au wanalolishuku. Wewe mtafute mtu mmoja, umwombe hivyo mara moja kila baada ya miezi mitatu. Akishasema, jibu "asante", unyamaze. Kujieleza kunaweza kusubiri kesho.

Ukihitaji mwalimu, hekalu lipo Upanga, Dar es Salaam, lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka Sri Lanka kuja kufanya kazi. Uganda kuna kituo cha Garuga, karibu na Entebbe, kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyeupata utawa mwaka 2002.

Hatua ya 6: Siku ya mwezi mpevu

Mara moja kwa mwezi ongeza miiko iwe minane. Ule wa zinaa unakuwa kujizuia tendo la ndoa kabisa, na inaongezeka mitatu: kutokula tangu adhuhuri hadi alfajiri ya siku ya pili, kuacha muziki, burudani na manukato, na kutolalia kitanda cha anasa. Kunywa maji kunaruhusiwa. Kula chakula chako cha mwisho saa tano na nusu, usijishindilie, na waambie wa nyumbani mapema wasikupikie cha jioni. Mwenye kisukari, mjamzito na anayemeza dawa pamoja na chakula aache mwiko wa kula, ashike saba iliyobaki.