Somo: Kuotesha kangaga la kiota kwa spora nyumbani

Msitu wa Kakamega ndio kipande pekee kilichobaki Kenya cha msitu wa mvua unaofanana na ile ya Kongo, na makangaga yake yanapaswa kubaki huko. Kwanza, kangaga lililong'olewa msituni likaletwa sebuleni, mizizi imekatwa na hewa ni kavu, mara nyingi halidumu. Pili, hakuna haja. Jani moja lililokomaa, la kangaga ulilonunua kihalali kwa wauza miche, linatosha kukupa miche ya kugawia mtaa mzima.

1. Jua aina uliyo nayo. Kangaga la Boston, lile la kuning'iniza barazani, hutoa nyuzi ndefu zinazotambaa na kuotesha vichipukizi. Kata kichipukizi chenye mizizi, panda, basi. Kangaga la kiota, lenye majani mapana yasiyochanika yanayotoka kitovu kimoja, haligawanyiki. Hilo linataka spora, yaani chembe laini kama vumbi ambazo makangaga huzaana nazo badala ya mbegu, na somo hili ni lake hasa.

2. Vuna spora. Geuza jani. Upande wa chini kuna mistari membamba inayotoka kwenye uti wa kati ikienda kwa mshazari kuelekea ukingoni. Ikiwa bado ya kijani, subiri. Ikishakuwa kahawia iliyokolea, kata kipande cha urefu wa kidole, kilaze ndani ya karatasi nyeupe iliyokunjwa, mistari ikitazama chini, mahali pakavu pasipo na upepo. Baada ya siku mbili hivi fungua taratibu: kuna vumbi la kahawia. Sasa fanya jambo ambalo wengi huliruka. Inamisha karatasi kidogo, igonge kwa ncha ya kidole. Makapi makubwa yatateleza kwanza, spora zitabaki zimeshika karatasi. Yatupe makapi, maana ukungu husafiri nayo.

3. Tayarisha chombo. Kopo la plastiki linaloonyesha ndani, lenye kifuniko, lioshwe vizuri. Tia kokopiti, ule unga wa makumbi ya nazi unaouzwa madukani mwa pembejeo, kina cha vidole viwili au vitatu. Mwagia maji yanayochemka mpaka ilowe yote, mwaga yanayozidi, funika na uache ipoe ikiwa imefunikwa. Usafi hapa ndio nusu ya kazi.

4. Nyunyiza. Kidogo sana, kama unavyotia chumvi kwenye yai. Usifukie, kwa sababu spora huhitaji mwanga. Funika, weka karibu na dirisha pasipopigwa na jua moja kwa moja. Joto la nyuzi 20 hadi 27 linazifaa, kwa hiyo ukiwa Kisumu huna haja ya kuongeza chochote. Jihadhari tu na dirisha la magharibi: jua la alasiri litazipika ndani ya kopo.

5. Subiri, usifunguefungue. Baada ya wiki kadhaa utaona utando wa kijani. Kisha hutokea vijani vidogo vya umbo la moyo, visivyofika upana wa sentimita moja, vimelala juu ya kokopiti. Hatua hii naipenda kuliko zote. Vijani hivyo si kangaga bado. Chini yake mna sehemu za kiume na za kike, na mbegu ya kiume lazima iogelee kwenye maji kulifikia yai. Bila maji hakuna uzazi. Basi vikishatanda, vinyunyizie maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa spreya ya matone laini. Miezi mingine hupita ndipo kijani cha kwanza cha kangaga halisi kinaposimama wima.

6. Hamisha. Miche ikifika sentimita mbili au tatu, ihamishe kwa mafungumafungu. Zoesha hewa ya nje kwa kulegeza kifuniko kidogo kidogo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, niko Nakuru. Yangu yamebaki utando wa kijani tu, hayaendelei. Shida ni nini?*

Dada, Nakuru iko juu, na usiku wa Julai ni baridi, hivyo kila kitu huenda polepole. Lisogeze kopo jikoni, mbali na mvuke wa sufuria. Ukishaviona vile vijani vya umbo la moyo, nyunyiza maji.

*Ukungu mweupe umeingia kopo langu hapa Kakamega. Nitupe?*

Hapana, mama. Chota kwa kijiko safi sehemu zenye kijani zisizoguswa na ukungu, uzipande kwenye kopo jipya lenye kokopiti iliyomwagiwa maji ya moto. La zamani ndilo utupe.

*Mistari ya kahawia chini ya jani, mtu wa duka aliniambia ni ugonjwa akaniuzia dawa. Ninyunyize?*

Usinyunyize, ndugu yangu. Ikiwa imepangika sawasawa kufuata mshazari wa jani, ni spora. Wadudu wa magamba hutawanyika ovyo na hubanduka kwa kucha.

*Je, spora za kangaga la Boston zitaota?*

Usizitegemee, kwa kuwa aina hiyo kwa kawaida haitoi spora zenye uhai. Tumia vichipukizi.

*Mbolea lini?*

Miche ikishashika kwenye chungu na kutoa jani jipya. Mbolea ya maji, nusu ya kipimo kilichoandikwa, na usiimwage ndani ya kitovu cha kiota, maana kitovu kikilowa muda mrefu huoza.